UZI: Iafoni (spika za masikioni) za dola 50 hadi 150, zinatofautiana wapi kwa sauti? Tuzipime kwa taarab, dansi na singeli

Fidla_ya_Pili (mleta uzi)

Wakuu, habari za wakati huu.

Swali la "nina laki mbili, ninunue iafoni gani?" haliishi humu, na majibu ni yaleyale. Mmoja anataja kampuni anayoipenda, mwingine anasema za Kichina zote ni moja, wa tatu anasema chukua zisizo na waya umalize. Sauti yenyewe haizungumzwi. Naomba hapa tuongelee sauti tu, kwa iafoni za waya zinazouzwa kati ya dola 50 na 150, na tuzipime kwa muziki tunaousikiliza kweli.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema: kwenye bei hizi, kinachoitofautisha iafoni moja na nyingine ni jinsi fundi wake alivyoipanga sauti, na jinsi inavyoziba sikio lako wewe. Bei inachangia kidogo sana. Mwaka 2017 mtafiti Jeroen Breebaart alichapisha kwenye jarida la Jumuiya ya Akustika ya Marekani matokeo ya hedifoni na iafoni 283, na hakukuta uhusiano kati ya bei na mpangilio wa masafa yake, yaani nguvu ya besi, sauti za kati na za juu. Kinachobadilika kwa bei mara nyingi ni boksi, waya, chuma cha ganda na jina.

Tuanze na sikio. Mfereji wa sikio la mtu mzima una urefu wa kama sentimita mbili na nusu, na kwa umbo lake hilo hukuza sauti zilizo karibu na kilohezi 3 (mitetemo elfu tatu kwa sekunde; hezi moja ni mtetemo mmoja). Mtu akiimba mbele yako, ukuzaji huo unafanyika bila wewe kujua. Ukichomeka iafoni, mfereji umeufunga, umeubadilisha, kwa hiyo mtengenezaji lazima aurudishe ukuzaji ule ndani ya iafoni. Akirudisha pungufu, mwimbaji anasikika kama anaimba nyuma ya pazia. Akizidisha, sauti za kike zinapiga kelele na baada ya nusu saa unataka kuitoa. Hapo ndipo iafoni nyingi hupata au hukosa. Besi kila mtu anaijua, lakini hizi sauti za kati kuelekea juu ndizo zinazoamua kama utaipenda iafoni yako mwezi ujao.

Timu ya mtafiti Sean Olive pale Harman, kampuni ya vifaa vya sauti, iliwakalisha wasikilizaji na kuwauliza wanapendelea sauti ipi, na kutokana na majaribio hayo ukatoka mstari wa mapendeleo (grafu ya sauti ambayo wengi waliipenda) kwa iafoni za ndani ya sikio mwaka 2017, kisha ukarekebishwa 2019. Iafoni nyingi za Kichina za leo zimepangwa ama kwa kuufuata mstari huo ama kwa kuukwepa kidogo kwa makusudi.

Sasa hizi nilizokaa nazo. Bei ninazotaja ni za wakati zilipotoka.

Moondrop Aria, toleo la 2021, dola 80. Ina kispika kimoja cha milimita 10. Sauti ya uvuguvugu, mwimbaji yupo mbele bila kukera, besi imejaa lakini kingo zake ni laini. Muziki wowote ukiuweka unasikilizika. Udhaifu wake ni sauti za juu kabisa: sahani za ngoma na pumzi ya nai (filimbi ya mwanzi) zinaishia mapema. Rangi ya ganda nayo hubanduka.

Truthear Hexa, 2022, dola 80 pia. Hii ina kispika kimoja cha besi pamoja na vidude vitatu vya BA (balanced armature, spika ndogo sana), teknolojia iliyotoka kwenye vifaa vya kuwasaidia wenye usikivu hafifu. Hexa ndiyo iliyonifanya nianzishe uzi huu. Wekeni taarab ya orkestra, ile ya Unguja yenye fidla kadhaa, kanuni (chombo cha nyuzi nyingi kinacholazwa mapajani), akodiani, udi, nai na besi kubwa la kusimama, kisha jaribuni kuufuata mkono wa mpiga kanuni peke yake wakati fidla zote zinajibu kiitikio. Kwenye Aria kanuni inazama kidogo na kuibuka. Kwenye Hexa inabaki palepale kila wakati, kila uzi una mwanzo wake, na fidla hazijageuka kuwa tandiko moja la sauti. Udi nao unasikika mbao yake. Bei ni ileile. Tofauti yote iko kwenye mpangilio: Hexa imepunguza eneo la hezi 150 hadi 300, na vyombo vya kati vimepata pa kukaa.

Hasara yake ni hiyohiyo. Besi lake lipo lakini halikupigi kifuani. Mdomo wake, yaani kijibomba kinachoingia sikioni, pia ni mnene, na ganda lina kona kona.

Truthear Zero: Red, 2023, dola 55. Vispika viwili vya kawaida. Ndani ya boksi kuna adapta ya omu 10 (kipimo cha ukinzani wa umeme), ukiiunganisha kwenye waya besi linaongezeka. Ni iafoni mbili kwa pesa ya moja, na kwa mtu anayeanza sina cha kumwambia zaidi ya hii. Ila mdomo wake ni mnene kuliko hata wa Hexa. Mwenye masikio madogo ajaribu kwanza.

Simgot EA500, 2023, dola 80. Kispika kimoja, ganda la chuma, inakuja na midomo miwili ya kubadilisha. Ina uhai na kila kitu kinang'aa, lakini eneo la kilohezi 3 mpaka 5 limepandishwa mno kwa masikio yangu. Ukiongeza sauti, mwimbaji wa kike anakukata.

Shure SE215 ipo sokoni tangu 2011, kama dola 100, na wanamuziki wengi wa jukwaani wameitumia. Inazuia kelele za nje kuliko zote hapa. Shure wenyewe wanasema hadi desibeli 37 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Sauti imeegemea besi, juu imezimika. Kwa usikilizaji wa nyumbani, Aria inaishinda.

Sennheiser IE 200, 2023, dola 150. Ndogo, nyepesi, unaweza kulala nayo. Vimpira vyake vinakaa sehemu mbili tofauti kwenye mdomo, na kila sehemu inabadilisha besi. Ina sauti za juu zilizonyooka na safi kuliko Aria. Je, inastahili karibu mara mbili ya bei ya Hexa? Kwa sauti, hapana. Kwa kuivaa kutwa nzima, ndiyo.

Na vimpira ndivyo vinavyopuuzwa kuliko kitu chochote. Kimpira kisipoziba, besi lote linavuja, na hakuna bei itakayolirudisha. Jaribu ukubwa wote uliomo ndani ya boksi. Masikio yako mawili yanaweza kutaka ukubwa tofauti, hilo ni jambo la kawaida kabisa. Cheza mlio wa hezi 40 unaopatikana kwenye programu za simu: usikike sawasawa pande zote mbili. Ukiusikia upande mmoja tu, usiilaumu iafoni bado.

Nawasilisha. Mwenye sikio tofauti na langu aje na yake, tena ataje na muziki alioutumia.

---

MtuWaTanga

Mkuu, uzi umeshiba. Ila kwenye Hexa tunaachana njia.

Wewe umepima na taarab ya orkestra. Mimi ni wa modern taarab, vile vinanda na gitaa la besi linalotembea mwanzo mwisho, nyimbo za dakika kumi na tano. Kule gitaa la besi ndilo linalomchezesha mtu. Nimeazima Hexa ya rafiki yangu, nikaona bendi imeondoka na besi lake. Kila kitu nasikia, lakini hakuna kinachoniinua. Nikarudi kwenye SE215 na sijaona haja ya kuiacha. Tena nikiwa ndani ya basi la Tanga hadi Dar, injini siisikii, nasikiliza kwa sauti ndogo kabisa.

Kwa hiyo mimi nasema hivi: kwa taarab ya kisasa, besi kwanza.

---

Fidla_ya_Pili

MtuWaTanga, nakuelewa, na hoja yako ina uzito. Modern taarab inarekodiwa kwa vinanda na besi la umeme, halafu inapigwa kwenye maspika makubwa ya ukumbini. Anayeichanganya studio anafikiria ukumbi. Ukiisikiliza kwa iafoni iliyopunguza besi la kati, umepunguza kitu ambacho mchanganyaji alikiweka kwa makusudi.

Kabla hujafunga hesabu, jaribu Zero: Red pamoja na adapta yake. Besi linapanda lakini halipandi na matope; waimbaji wanabaki wasafi. Nadhani ndiyo unayoitafuta. SE215 inaongeza besi kwa upana mpaka inagusa koo la mwimbaji wa kiume.

Hilo la basi limenifurahisha. Nitalirudia chini.

---

Fundi_Luthuli

Salamu kutoka Nairobi, wadau. Mimi kazi yangu ni simu na vifaa vyake, karibu na Luthuli Avenue, kwa hivyo naziona nyingi zikiingia mkononi.

Naongeza kitu ambacho mleta uzi hajagusa: feki. SE215 zimeigwa sana. Kwa nje huwezi kuzitofautisha ukiwa na haraka, lakini sauti ni debe. Mtu ananunua feki, anasema Shure ni bure, kisha anakuja kwenye nyuzi kama huu kuwaambia watu. Mambo ya kuangalia: bei ikiwa nusu ya bei ya kawaida, achana nayo. Vimpira vya sponji vya Shure halisi ukivifinya vinajirudi polepole. Vya feki vinaruka papo hapo. Kiungio cha waya cha halisi kinazunguka bila kulegea wala kukatakata sauti.

Za Moondrop, Truthear na Simgot sizioni zikiigwa kwa wingi namna hiyo. Labda kwa sababu watu wa kawaida hawazijui, mwigaji hapati faida. Kwa mnunuzi hiyo ni nafuu kubwa.

Na nyinyi wa Kariakoo, mkinunua pale mtaa wa Aggrey au popote, ombeni kujaribu na simu yenu wenyewe kabla ya kulipa. Muuzaji anayekataa kabisa, ondoka.

---

Nyamwaga

Mimi haya mambo ya grafu na mistari ya Harman huwa siyaamini. Sikio langu ndilo kipimo. Nilienda dukani nikajaribu tatu mfululizo, EA500 ikazipiga zote kwa mbali, ilikuwa safi zaidi na kubwa zaidi. Mbona mleta uzi unaiponda?

---

Fidla_ya_Pili

Nyamwaga, sikio lako ndilo litakaloisikiliza, hilo halina ubishi. Lakini hebu tuangalie ulivyojaribu.

Umesema ilikuwa "kubwa zaidi". Iafoni hazina usikivu sawa. Ukiacha kitufe cha sauti palepale kwenye simu na kubadilisha iafoni, moja itatoka na desibeli kadhaa zaidi ya nyingine. Na sikio la binadamu, likipewa sauti mbili zinazofanana ila moja imezidi kidogo tu, huichagua iliyozidi na kuiita safi zaidi, yenye besi zaidi, yenye uhai zaidi. Hili linawakuta hata mafundi wa studio, ndiyo maana wanaofanya majaribio ya kweli husawazisha sauti hadi tofauti iwe chini ya desibeli moja, hata sehemu moja au mbili za kumi za desibeli. Zero: Red, kwa mfano, ni nzito kuendesha (inataka nguvu zaidi) kuliko EA500, kwa hiyo kama ilikuwa kati ya zile tatu, dukani ilikuwa inaonewa.

Fanya hivi: chagua wimbo mmoja wenye mtu anaimba bila vishindo, sawazisha mpaka sauti yake iwe sawa kwenye zote, ndipo usikilize vingine. Kisha kaa nayo saa nzima, si dakika mbili. EA500 ni iafoni inayopendeza haraka. Kama bado utaipenda baada ya saa nzima, basi ni yako, na nitakuheshimu.

Kuhusu grafu, kuna mahali nakubaliana nawe. Vipimo vingi vya mtandaoni vinafanywa kwa sikio bandia la kiwango cha IEC 60318-4, na watu hupanga kina cha iafoni ili mwinuko wa mwangwi wake ukae kilohezi 8. Mwinuko huo ni wa kifaa na kina chake, hauna maana kwamba utausikia hapohapo kwenye sikio lako. Kwa hiyo kuanzia kilohezi 8 kwenda juu, grafu ni ya kuitazama kwa tahadhari. Kuanzia hezi 20 mpaka kilohezi 5 hivi, inasema kweli sana.

---

Kanuni_Mkono

Assalaam alaykum. Mie napiga kanuni hapa Unguja, si kwa umashuhuri, napiga tu na kikundi chetu. Nimeona chombo changu kimetajwa, nimeona nichangie.

Ndugu yangu mleta uzi, ulivyosema kila uzi una mwanzo wake umesema sawa. Kanuni inapigwa kwa ncha zinazofungwa kwa pete kwenye vidole vya shahada, mkono wa kulia na wa kushoto. Kila sauti ina nyuzi tatu pamoja. Kwa hiyo ukisikiliza vizuri, kunakuwa na mguso wa ncha, kisha nyuzi tatu zinaamka pamoja, kisha ngozi chini ya daraja inajibu. Ngozi ndiyo inayoipa kanuni ule uzito wake wa chini, iafoni kavu sana huifanya kanuni kama vigae.

Nilisikiliza Hexa na Aria zote mbili. Mguso wa ncha uko bora kwenye Hexa. Ngozi iko bora kwenye Aria. Mie nikichagua, nachagua Aria, kwa sababu nikikaa kwenye kiti changu kikundini nasikia ngozi kwanza. Anayekaa mbele huko kwa wasikilizaji atasikia kama Hexa. Kila mtu na kiti chake.

Na wenye EA500, kanuni ile si kanuni. Samahani lakini nimesema ninachokisikia.

---

Fidla_ya_Pili

Wa alaykum salaam, maalim. Huu ndio mchango niliokuwa nautamani. Hilo la ngozi sikuwa nimelisikia kwa jina lake. Nimerudi nikasikiliza tena baada ya kukusoma, na kweli Hexa inaipunguza: ngozi inajibu kwenye eneo lilelile la hezi 150 hadi 300 lililopunguzwa. Kwa ikwalaiza (programu ya kupandisha au kushusha sehemu ya sauti), nyanyua desibeli 2 hapo, kwa upana, na ngozi inarudi bila kuufunika mguso wa ncha. Nakuomba uijaribu uniambie.

---

Kanuni_Mkono

Nimeijaribu kwa simu ya mwanangu. Imekaribia. Mbili ni nyingi kidogo, moja na nusu imetosha. Sasa hapo nitakubali Hexa.

---

DansiLaZamani

Vijana, nami nina hoja. Mimi nasikiliza zilizopendwa tu. Rekodi nyingi za dansi la miaka ya 70 zilifanywa Radio Tanzania Dar es Salaam, bendi nzima chumba kimoja, moja kwa moja kwenye tepu. Siku hizi tunazipata YouTube, nakala ya nakala ya kaseti. Je, iafoni ya laki mbili itanisaidia nini? Nisije nikanunua kitu cha kunionyesha kasoro tu.

---

Fidla_ya_Pili

Shikamoo mzee. Swali lako ni zuri mno.

Kwenye rekodi zile besi la chini kabisa halipo, kwa hiyo iafoni iliyojaza hezi 20 hadi 60 haikupi kitu. Juu, kuanzia kilohezi 8, mara nyingi kuna "shii" ya tepu na uharibifu wa kubanwa faili. Iafoni yenye makali juu itakuletea hiyo shii mbele ya gitaa. Utamu wote wa dansi umo katikati: gitaa la solo na la ridhimu yanapopishana, tarumbeta, na waimbaji wawili wakiitikiana. Hapo Aria, ambayo niliilaumu kwa kuishia mapema juu, inakuwa ndiyo chaguo sahihi. Udhaifu wake unageuka faida kwako. Utayasikia magitaa mawili yakiwa mawili kweli, bila shii kukusumbua.

Kama ungekuwa mwanangu unaniagiza, ningekuletea Aria bila kufikiri mara mbili.

---

DansiLaZamani

Marahaba. Hapo kwenye "mwanangu" naona umenigeuza kijana, lakini jibu nimelipata. Nitamwagiza binti aliye Guangzhou.

---

Manzese_Fulu

Singeli je? Mbona haitajwi, au nyie wote wazee wa kanuni?

---

Fidla_ya_Pili

Imo kwenye kichwa cha uzi, mkuu, sijaisahau. Singeli ni mtihani mgumu kuliko watu wanavyodhani. Mwendo ni mapigo 200 hadi 300 kwa dakika. Kwa mapigo 240, pigo jipya linakuja kila robo sekunde, na katikati yake kuna vinanda vilivyoharakishwa na mchanaji anayetema maneno bila kupumua. Iafoni iliyovimba besi la kati, pigo la kwanza linakuwa bado linavuma wakati la pili limefika, na maneno yote yanamezwa. Ndiyo maana singeli kwenye iafoni za elfu tano inakuwa ngurumo tu.

Zero: Red bila adapta ndiyo bora niliyoisikia kwa singeli kwenye bei hizi. Besi lake limeinuliwa chini kabisa na kukatwa mapema kabla ya kufika kwenye sauti ya mchanaji. Unapigwa na pigo na bado unasikia kila neno.

---

Manzese_Fulu

Hapo umegonga penyewe. Maneno ndiyo singeli. Bila maneno ni vurugu.

---

UmmSalma

Wapendwa, mimi sisikilizi muziki sana. Nasikiliza kisomo cha Qur'ani na mawaidha, masaa mengi nikiwa jikoni na kazini. Tatizo langu ni herufi za siin na shiin, zinanichoma masikio. Nimebadilisha iafoni za bei ndogo mbalimbali na zote ziko hivyo. Nifanyeje?

---

Fidla_ya_Pili

Dada UmmSalma, kinachokuchoma ni mwinuko kwenye kilohezi 5 hadi 8. Iafoni nyingi za bei ndogo huwekwa mwinuko hapo ili zionekane "kali" dukani. Msomaji mmoja, bila ala, karibu na maikrofoni, hakuna kinachoufunika mwinuko huo, ndiyo maana wewe unaumia kuliko mtu wa muziki.

Epuka EA500 na jamaa zake. Aria itakufaa, na SE215 pia ni pole sana juu. Kuna na Etymotic ER2SE, iliyonyooka mno na safi kwa sauti ya mtu mmoja, ila inaingia ndani sana ya sikio kwa vimpira vya ngazi tatu, na wengi hawaivumilii. Kabla ya kutumia hela, weka vimpira vya sponji kwenye hiyo uliyonayo. Sponji hupunguza ukali wa juu kidogo na huziba vizuri. Ni matengenezo ya bei ndogo kuliko yote.

Na kwa kuwa ni masaa mengi: Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Hapa ndipo narudi kwa MtuWaTanga na basi lake. Iafoni inayoziba vizuri inakuruhusu kupunguza sauti. Isiyoziba, unapandisha ili kuishinda injini au feni la jikoni, na masikio ndiyo yanayolipa. Kujizuia na kelele ni sehemu ya ubora wa sauti, tusiitenge. Wa bodaboda tu ndio nawasihi wasivae kabisa barabarani.

---

Kijana_wa_TypeC

Simu yangu haina tundu la waya la milimita 3.5. Hizi zote za waya nitazichomeka wapi? Si bora zisizo na waya zenye LDAC (kodeki, yaani njia ya kubana sauti ili irushwe kwa Bluetooth)?

---

Fundi_Luthuli

Hii nijibu mimi. Adapta za Type-C ziko aina mbili. Moja ina chipu ya kugeuza sauti ndani, nyingine ni waya mtupu inayotegemea simu itoe sauti tayari. Simu nyingi mpya hazitoi, ndiyo sababu unanunua adapta ya bei ya chini na haisemi kitu. Nunua yenye chipu. Ile ya Apple ya dola 9 ni nzuri ajabu kwa bei yake, lakini ukiiweka kwenye simu nyingi za Android sauti inatoka ndogo. Kwa Android tafuta nyingine, ziko nyingi za dola 10 mpaka 20 zinazofanya kazi vizuri.

LDAC inafika kilobiti 990 kwa sekunde hewani ikiwa njia ni safi, SBC, kodeki ya kawaida, ni kama 328. Lakini kodeki haiwezi kurekebisha iafoni iliyopangwa vibaya. Na betri ndani ya zile ndogo inachoka baada ya miaka michache, hakuna fundi atakayekubadilishia kwa urahisi. Hizi za waya, waya ukikatika unanunua waya, iafoni inabaki.

---

Nyamwaga

Nimerudi. Nimefanya kama mlivyosema, nimesawazisha sauti nikatumia wimbo wa mwanamke na gitaa tupu. Bado naipenda EA500 kwa gitaa. Kwa sauti ya mwanamke, Hexa. Kwa hiyo mtu mwenye dola 160 si anunue zote mbili?

---

Fidla_ya_Pili

Anaweza, na ni bora kuliko kununua moja ya dola 150. Lakini mimi ningechukua Hexa na Zero: Red badala ya kuichukua EA500, kwa sababu hizo mbili hazirudiani: moja ya vyombo, moja ya pigo. Juu ya hapo kuna za plana (zenye utando bapa) kama 7Hz Timeless, zilizokuja 2021 kwa dola 220. Zina kasi ya kupendeza kwenye nyuzi, lakini zimetoka nje ya bei ya uzi huu na kwa masikio yangu hazikuizidi Hexa kwa kanuni.

---

MtuWaTanga

Red imefika, na adapta yake. Besi lipo, waimbaji wapo. SE215 nimempa mdogo wangu wa basi la asubuhi. Ila upande wa kushoto wa Red naona uko chini kidogo ya kulia, ni mbovu?

---

Fidla_ya_Pili

Usiirudishe bado. Badilisha pande: ivae ya kushoto kulia na ya kulia kushoto. Ukiona udogo umehamia upande mwingine, ni iafoni, angalia wavu wa mdomoni kama una nta au unyevu. Udogo ukibaki sikio lilelile, ni sikio au kimpira: weka kikubwa zaidi upande huo. Tuambie ilivyokuwa.

---

MtuWaTanga

Ulibaki sikio lilelile. Nimeweka kimpira kikubwa kushoto, kidogo kulia. Sasa ziko sawa.